Bibi anaishia mapokezi

Nafanya kazi wodi ya wazazi hapa Sweden, na kina mama wa kwetu wakijifungua huku huniuliza, "Dada, kwani manesi hapa kazi yao nini?" Swali la haki. Nesi hambadilishi mtoto nepi wala hamwogeshi. Anasimama pembeni, baba anahangaika na nepi, naye anasema tu, "Ikunje chini ya kitovu, kipate hewa."

Baba huyo analala humohumo chumbani, na sheria inampa siku 10 za likizo ya uzazi za kwake peke yake. Mtoto akishatimiza saa 48 hutolewa damu ya vipimo mkononi. Hatumpeleki kokote: baba anavua shati, anampakata kifuani, tunamtoa damu hapohapo. Nimeona mijibaba ikifumba macho kabla ya mtoto.

Haya nayapenda. Ila familia kwa Wasweden ni watu wawili na kichanga. Bibi katoka Tanga, chupa ya uji wa pilipili manga mkononi, anaambiwa aishie mapokezi. Kule kwetu ni kinyume chake: bibi ndani, baba getini.

Wala tusidhani wao ndio waliogundua kumpakata mtoto kifuani. Muhimbili ilikuwamo kwenye utafiti wa nchi tano, Malawi na Ghana zikiwamo, uliotoka 2021: watoto njiti wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 walipakatwa kifua kwa kifua mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri wapate nafuu kwanza, na vifo vikapungua kwa asilimia 25. Mama akiwa hajiwezi, alipakata ndugu. Yaani huyohuyo tunayemwacha mapokezi.

Bunge la Sweden limewahi kuliko wodi: tangu Julai 2024 wazazi wanaweza kumhamishia bibi au babu sehemu ya siku zao za likizo ya uzazi yenye malipo. Lakini lazima awe na bima ya jamii ya hapa, kwa hiyo bibi wa viza ya matembezi hayumo.

Kwa mnaotarajia: kwetu wodini, wa kulala na mzazi si lazima awe mume. Anaweza kuwa mama yako au dada yako, ila ni mmoja tu. Mwambieni mkunga mapema, huko huko kliniki, aliandike kwenye faili. Ukilitaja usiku wa uchungu mlangoni, utabishana na mtu wa zamu asiyekujua.