Wa kuja

Wiki hii wifi kaolewa, barua yangu ya uhamisho imetoka, na mimi bado nahangaika na perege wa mama mkwe.

Asubuhi ya arusi tulikuwa jikoni tunaparua magamba. Mvuvi alileta samaki wachache wa Ziwa Chala, nikamsifia mmoja aliyenona. Mama akamgeuza kwa ncha ya kisu. “Huyo wa kuja. Wa kwetu ni huyu mwembamba. Tangu hao waingie, wa kwetu anapotea.” Halafu akaniangalia. Au hakuniangalia? Nimeyarudia maneno hayo nikifua, nikisahihisha madaftari, hata kanisani katikati ya sala. Nilichojibu ni “Ndiyo, mama” tu. Mnajua nilivyopokelewa hapa Rombo, Msukuma mimi.

Kinachoniuma ni kwamba kasema kweli. Chala ni shimo la volkano lenye kuta kama za kisima, mpaka wetu na Kenya umepita katikati yake. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka, maji yanapita chini kwa chini. Perege yule mwembamba kajifungia humo, ziwa lingine duniani hayupo. Jike huatamia mayai mdomoni. Tena wazungu walipomwandika mwaka 1889, yeye ndiye aliyefungua ukoo mzima wanaouita Oreochromis. Sato wetu wa Mwanza kaingizwa kwenye ukoo huo baadaye! Sasa huyu wa Chala kaletewa perege wa upande wa Korogwe anayemsonga, na wataalamu wameshamweka kati ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Jana kwenye daladala jibu likanijia, nikacheka hadi konda akageuka. Sato mwenyewe ni wa kuja! Ziwa Victoria lilikuwa la ngege, perege wa asili wa huko. Sato kapandikizwa miaka ya 1950, na leo ngege wa kumtafuta kwenye viziwa vya pembeni. Kwa hiyo, mama, hata kwetu... Nikalipanga vizuri, lenye adabu zote, nimwambie jioni.

Nikakuta kaniwekea bakuli limefunikwa. Mvuvi kapita tena. Yule mwembamba, kakaangwa mzima na kichwa chake. “Kula, mama Doreen, kabla baba yake hajarudi akakumalizia.”

Wa kuja nikamla mwenyeji mpaka miiba. Sijui ulikuwa upendo au mtihani, na jibu langu bado ninalo.

Ng’ombe naye siku zake zimepita na hajazaa, na daktari wa mifugo tangu juzi hapokei simu.