Watu wa kota

Nimekulia katika nyumba za kupanga za baraza la mji hapa Mombasa, zile ambazo tangu ugatuzi wa 2013 ziko chini ya kaunti, na ng'ambo ya barabara walikaa wenye nyumba zao za Kiswahili waliotuita "watu wa kota" kwa sauti ambayo hata mtoto aliielewa. Nilipoanza kazi nilikuwa nikishuka matatu kituo kimoja kabla ya changu, ili wenzangu wasijue ninakoishi.

Kilichotukutanisha ni maji. Mifereji yetu ilipokauka, mama alinituma na mitungi miwili ya lita 20 kwa bibi mmoja mwenye kisima, yule yule aliyewakataza wajukuu wake kucheza nasi. Alinitazama kwa muda, kisha akanisogezea ndoo. "Teka, mwanangu, lakini yana chumvi, ya chai kanunue."

Jioni mama alimpelekea mahamri, ingawa hakuwa mtu wa kujipendekeza, wakakaa barazani hadi magharibi. Hapo ndipo tulipojua kwamba nyumba ilikuwa yake lakini ardhi haikuwa yake, kwa hiyo alimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, kama walivyo wengi Mombasa wanaomiliki kuta na paa tu.

"Kumbe sote wapangaji!" mama akasema, na bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Dada yangu alipoolewa, pilau ilipikwa uani kwa bibi yule.