Siku niliyochora kroshia kwenye imla

Mimi kroshia nimeijua tangu mdogo, bibi akikaa tu uzi uko mapajani na ile sindano yake yenye kichwa kilichopinda, sasa kwa akili yangu kroshia ni kile kitambaa chenyewe, yale matundu matundu. Sindano nilikuwa naiona ni sindano tu.

Basi kuna kipindi nikawa najifunza Kifaransa. Siku hiyo tuna imla, mwalimu anasoma sisi tunaandika, akafika katikati ya sentensi akasema tufungue "crochets". Nikakwama hapohapo. Kroshia inafunguliwaje?? Nikamchungulia jirani, yuko bize anaandika na mkono kauficha, nami kwa kutotaka kuonekana mjinga nikachora kisindano cha kroshia palepale kwenye mstari, tena na kauzi kananing'inia.

Mwalimu alipopita kukagua alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe crochets ni mabano, yale ya mraba! Darasa zima likacheka, mi natamani ardhi inimeze. Ila mwalimu mwenyewe hakuwa mtu wa kudhalilisha, akaenda ubaoni akachora bano, pembeni yake akachora sindano yangu (bila uzi), akaniuliza vinafanana wapi. Nikasema vyote vimepinda kwenye ncha. Akasema ndo hapo hapo, croc ni kulabu, ukiongeza -et mwishoni inakuwa ndogo, kama sisi tunavyosema kijikulabu. Kwa hiyo bano ni crochet, sindano ni crochet, na kwenye ndondi ile ngumi ya kukunja kiwiko inayokuja kwa pembeni nayo crochet. Wajerumani wana häkeln na Waholanzi haken, kote humo kazi ya bibi inaitwa kwa jina la kulabu. Waingereza wao walikuja kulibeba neno la Kifaransa kama lilivyo kwenye karne ya 19.

Akaingia mpaka kwenye muziki, eti noti ya crotchet ya Kiingereza imetoka ukoo huohuo, halafu croche ya Wafaransa ni noti nyingine kabisa, urefu wake nusu ya ile. Hapo aliniacha kidogo, mi bado nawaza kauzi kangu.

Jioni nikampigia bibi, najiona nina habari kubwa. Bibi, unajua kroshia maana yake ni kulabu? Akakaa kimya kidogo kisha akasema, sasa mjukuu wangu we ulidhani ni nini, si ndo inayovuta uzi, kwani mimi navuta na vidole?

Imla nilipata 6 kati ya 20. Ile sindano ilizungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu kaandika: umesahau kuifunga.