Mcheri wangu wa waridi ulipoanza kutoa maua meupe

Mcheri wangu wa mapambo, aina ya Kanzan, huchanua maua ya waridi yenye petali nyingi zilizobanana. Ghafla upande mmoja ukatoa meupe, petali tano tano tu. Nikalaumu mbolea. Kumbe mti wenyewe umebebeshwa, yaani umeunganishwa, juu ya shina la mcheri mwitu, na machipukizi ya shina hilo yalikuwa yamepanda hadi juu na ndiyo yaliyotoa maua hayo meupe.

Kwanza niliyakata usawa wa ardhi. Kosa! Yalirudi maradufu. Mara ya pili nilifukua udongo hadi yanapoota kwenye mzizi, nikayanyofoa kwa mkono ili yatoke na vichomozi vyake, yaani vijicho vinavyochipuka upya. Nilisubiri kiangazi, siku kavu, maana vidonda vya msimu wa baridi huukaribishia mcheri kuvu. Bado huchomoza moja moja. Nalinyofoa likiwa laini.