Mabaka ya kahawia kwenye ukoka wangu

Jamani, wiki mbili nimekosa raha kwa ajili ya ukoka wa uani kwangu hapa Arusha. Mvua iliponyesha baada ya kiangazi kirefu ulistawi vizuri, halafu ghafla yakatokea mabaka ya kahawia, na kila nikiamka yamepanuka. Jirani akasema ni kiu, nikamwagilia. Duka la pembejeo wakanipa dawa ya ukungu, nikanyunyiza. Wapi!

Jumamosi ya juma lililopita nikapiga magoti ukingoni mwa baka, pale kijani kinapokutana na kahawia. Nikavuta nyasi: mizizi imeshika kabisa. Basi si funza wa udongoni, maana hao hukata mizizi, na nyasi huinuka kama mkeka. Ila majani yalikuwa yametafunwa, na chini yake kuna vinyesi vidogo vya kijani. Nikakoroga vijiko viwili vya sabuni ya maji kwenye ndoo, nikamimina pale pale. Dakika chache tu viwavijeshi wakapanda juu. Nilihesabu 19!

Nikanunua dawa ya viwavi yenye bakteria, Bacillus thuringiensis, nikanyunyiza jioni wanapoanza kula. Bahati nzuri walikuwa bado wadogo. Wakishakomaa dawa hii haiwawezi. Usiku ule sikumwagilia, ili dawa ibaki kwenye majani wayale.

Leo asubuhi nimeona vichipukizi kwenye vifundo vya ukoka uliokauka, vyembamba kama sindano. Nimefurahi mno!