Faili la familia ya askari mstaafu, Malindi

Kikundi cha wajane na watoto wa askari wastaafu kinaanza na watu wasiopungua 10, katiba fupi, kumbukumbu za kikao cha kwanza na nakala za vitambulisho. Mnapeleka ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Hilo si gumu.

Kazi ni faili la kila nyumba, la kudai haki za mjane na watoto mzee akifariki, nalo lifunguliwe angali hai: nambari yake ya jeshi, hati ya kuondoka jeshini, barua ya pensheni, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa nyingi huku zilifungwa msikitini zikaishia hapo, bila cheti. Nendeni kwa Kadhi zisajiliwe mapema, mashahidi wangali hai.

Kisha someni majina herufi kwa herufi. Jeshini ni “Mohamed”, kitambulisho kinasema “Mohammed”, cheti cha ndoa “Muhammad”. “m” moja tu huweza kurudisha faili zima. Dawa yake ni hati ya kiapo inayotaja tahajia zote tatu, na ni rahisi zaidi mwenye jina akiapa mwenyewe.

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea siku ya msiba. Sisi huzika haraka, na mzee akifia nyumbani naibu chifu husahaulika. Pasipo kibali cha mazishi anachotoa yeye, cheti cha kifo huwa safari ndefu, na miezi 6 ikipita usajili unakuwa wa kuchelewa. Kikundi kimteue kijana mmoja: maiti ikioshwa, yeye yuko kwa naibu chifu na kitambulisho cha marehemu mkononi.