Skrini nyeusi kwenye Linux: uliza ubao mama kabla ya kulaumu draiva

Kadi ya michoro imechomekwa, feni inazunguka, skrini haina kitu. Hapo wengi hukimbilia kufuta draiva na kuisakinisha upya, mara mbili, mara tatu. Kuna swali linalotangulia: je, ubao mama unaiona hiyo kadi?

Ili kulijibu, uweze kuingia kwenye mashine bila kutegemea skrini yake. Kabla hujafungua kasha, sakinisha openssh-server (programu ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao, kwa amri ya ssh) na ujaribu kuingia kutoka kompyuta nyingine. Kisha weka kadi, washa, ingia, andika amri hii inayoorodhesha kadi za michoro ambazo ubao mama unaziona:

`lspci -nnk | grep -A3 -E 'VGA|3D|Display'`

Ssh nayo ikigoma, usidhani mara moja kwamba mashine haikuwaka. Kadi mpya inaweza kusogeza namba za PCI (anwani za vifaa vilivyochomekwa kwenye ubao), na jina la kadi ya mtandao likahama, tuseme kutoka enp2s0 kwenda enp3s0. Kama jina la zamani limeandikwa kwenye /etc/network/interfaces, mtandao hautapanda.

Kadi isipotokea kwenye majibu, achana na draiva kabisa. Tatizo ni umeme, sloti au BIOS (programu ya ubao mama inayowasha mashine).

Tuanze na umeme, maana ndio unaosumbua zaidi. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya kasha jembamba, aina ya mashine za ofisi zinazouzwa sana kama mtumba. Pawa saplai yake ni wati 240, na kadi inayoingia ni ile fupi tu. Sloti ya PCIe x16 kwa kanuni hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. GT 1030 inakula wati 30, haina shida. GTX 1050 Ti imepimwa wati 75, yaani inagusa dari. Kadi yenye plagi ya pini 6 usiilazimishe kwa adapta ya SATA: plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, na ikizidiwa inayeyuka. Dalili ya umeme dhaifu ni mashine kuwaka vizuri, kisha kadi kupotea kazi inapokolea. Kwenye `sudo dmesg`, yaani kumbukumbu za kiini cha Linux, utakuta "GPU has fallen off the bus". Joto kali na miguso michafu huleta ujumbe huohuo, kwa hiyo safisha meno ya kadi na ubadilishe saplai kabla ya kuihukumu kadi.

Kwenye BIOS, kadi nyingi za kabla ya mwaka 2012 hazina sehemu iitwayo GOP, inayotumiwa na UEFI (mfumo mpya wa kuwasha mashine) kuonyesha picha, na ubao uliozimiwa CSM (sehemu inayoiga BIOS ya zamani) hauwezi kuzionyesha. Zima Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizosainiwa), washa CSM au "Legacy Option ROMs". Usibadilishe mfumo wa kuwaka kuwa Legacy kama Debian yako ilisakinishwa kwa UEFI, haitawaka.

Kadi za seva kama Tesla P40 yenye GB 24 zina mtego mwingine: zinadai eneo kubwa la anwani. Dmesg ikisema "no space for" karibu na neno BAR (eneo la anwani ambalo kadi inaomba), tafuta "Above 4G Decoding" kwenye BIOS. Isipokuwepo, jaribu `pci=realloc` kwenye GRUB (programu inayoanzisha Linux), ingawa bodi za zamani mara nyingi hukataa. Tena P40 haina tundu la monita, na plagi yake ya pini 8 ni ya mpangilio wa CPU, si wa PCIe. Ukikosea kebo unaweza kuiunguza.

Kadi ikionekana, pima njia yake, ukiweka namba ya kadi yako kutoka majibu ya lspci mahali pa 01:00.0:

`sudo lspci -vv -s 01:00.0 | grep -E 'LnkCap|LnkSta'`

LnkCap ni uwezo wa njia, LnkSta ni hali yake ya sasa. Bila sudo hupati kitu cha maana. Kasi ya 2.5GT/s kadi ikiwa imetulia ni kawaida, hupanda ikipewa kazi. Upana x4 kwenye GT 1030 au RX 6400 ni sahihi, ndivyo zilivyoundwa. Ila kadi ya x16 ikisoma x1, ichomoe, isafishe, iingize hadi klipu ilie.

Sasa ndipo draiva. "Key was rejected by service" maana yake Secure Boot imekataa moduli isiyosainiwa. Hakiki kwa `mokutil --sb-state`. Draiva ya Nvidia ya 470 ndiyo ya mwisho kwa kizazi cha Kepler, na 580 ndiyo ya mwisho kwa Maxwell na Pascal, kwa hiyo GT 1030, ambayo ni Pascal, haitakubali toleo jipya zaidi hata ufanyeje. Kwa AMD kwenye Debian 12, "failed with error -2" kwenye mstari wa amdgpu humaanisha faili za firmware hazipo: sakinisha firmware-amd-graphics kutoka hazina ya non-free-firmware. Kwenye FreeBSD, `pciconf -lv` inashika nafasi ya lspci, na draiva ya AMD hutoka drm-kmod.

Ukiandika BusID (anwani ya kadi) kwenye xorg.conf, faili la mipangilio ya Xorg inayoendesha skrini, kumbuka lspci huhesabu kwa heksadesimali, Xorg kwa desimali: 0a:00.0 inakuwa PCI:10:0:0.